Ng'ombe wa Fiodi

Mzee ninayemtunza hapa Herndon, Virginia, ana picha ukutani: milima miwili imesimama wima, katikati maji meusi, na meli kubwa imeegeshwa mlangoni pa watu kama gari uani. Alizaliwa huko, kaskazini ya mbali. Siku ya kwanza nilipoiona nilijikuta nimesema kwa sauti, "Fiodi!" Mzee akashangaa neno hilo nimelijulia wapi. Ndugu yangu, nililijulia Lushoto, darasa la sita, hata bahari ya Tanga sijaiona.

Mwalimu wetu alitukaririsha: barafu ilishuka milimani, ikachonga bonde refu, kisha bahari ikaingia ndani. Maji yana kina, ndiyo maana meli kubwa hufika hadi ukingoni. Yametulia, ndiyo maana samaki hufugwa humo. Maporomoko hutoa umeme. Jioni nilimsomea bibi yangu yote hayo jikoni, tukipukuchua maharage, moshi ukitutoa machozi. Bibi hakusoma, lakini kwa udadisi hakuwa na mpinzani.

"Barafu ichonge jiwe? Makubwa!"

Kisha akauliza lililomkaa rohoni, maana shamba letu nalo lilikuwa mteremko mtupu, na majani ya ng'ombe tuliyabeba kichwani: "Sasa hao watu, ng'ombe wao wanakula wapi?"

Kesho yake nikamuuliza mwalimu. Akasema hilo halitoki kwenye mtihani. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi hajui. Ukikua, niulizie."

Nimekua, nikamuulizia. Mzee alichangamka kuliko siku zote. Kiangazi, alisema, walipanda na ng'ombe hadi juu kabisa, wakakaa huko wakitengeneza siagi na jibini, na majani makavu wakayateremsha kwa waya hadi zizini. Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu. Bibi amezeeka sana, nami niliogopa jibu lisije likamkosa.

Jumapili nikampigia simu. Nikamweleza yote, hadi waya. Nikangoja abishe, acheke, aulize maziwa yalishukaje.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Na wewe, unarudi lini?"

Nikamwambia mwakani, Mungu akipenda. Mwaka jana pia nilimwambia hivyo hivyo. Nayatamani maswali yake ya jikoni, yale ya dunia nzima. Sasa limebaki hili moja, na hili sina wa kumuuliza.