Birika kwenye Ukurasa wa Hamsini

Noreen Tregear hakusoma riwaya. "Watu wa kubuni wananihusu nini?" alisema. Alipenda maisha ya watu wa kweli, hasa umbea wao: nani alimkimbia mkewe, nani alifilisika, nani alijitia shujaa. Kwa miaka arobaini alikuwa amemaliza rafu mbili nzima za wasifu katika maktaba ya mji wao, Wandilla. Kila kitabu alichokisoma alikichorea birika dogo la chai, kwa penseli, kwenye ukurasa wa hamsini, asije akakiazima tena kwa kusahau. Wazee wote wa mji walikuwa na alama zao, na wakutubi walijifanya hawazioni.

Kisha Merv Haddrick, jirani yake wa tangu utotoni na mwenyekiti wa zamani wa halmashauri, akachapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe. Noreen aliazima nakala ya maktaba, akaanzia nyuma, kwenye faharasa ya majina, kama kila mtu mjini. Jina lake halikuwemo. Mbwa wa Merv alikuwemo, mara tisa.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili ndio uliompandisha mori. Eti mwaka wa mafuriko makubwa Merv alipiga makasia peke yake, akaokoa kondoo kumi na wanne! Noreen akachukua penseli. Kwenye faharasa aliandika "Tregear, Noreen, 112", na kwenye ukurasa wenyewe: "Muongo mkubwa. Makasia alipiga Noreen. Merv alikuwa anatapika."

Wiki iliyofuata Leanne, mkutubi, alimwita mezani, kitabu cha Merv mkononi.

"Bi Noreen, nani kaandika humu?"

"Nitajuaje mimi? Mji una watu elfu mbili."

Leanne akafungua ukurasa wa hamsini. Birika lilikuwepo, tena linatoa mvuke.

"Mabirika nakuvumilia. Hili ni tusi. Merv asipokusamehe, kadi yako naichukua."

Noreen akanywea. Bila kadi ile, siku zake angezijaza na nini?

Merv alipigiwa simu, akaja na mkongojo wake. Akasoma, akaomba kalamu ya wino.

"Usikiharibu zaidi, Mzee Merv!" Leanne alimaka.

"Kitabu changu hiki, bibie. Niache."

Aliandika polepole, akaondoka bila kumtazama Noreen. Noreen akakinyakua kitabu. Chini ya maneno yake palikuwa na mstari mmoja:

"Nilitapika mara tatu. Akanifuta mdomo kwa skafu yake."