Njia Iliyoishia kwenye Maporomoko

Mwanangu, hebu zima kwanza hiyo simu. Zima, nimesema, safari yenu haitakimbia. Tangu juzi mnapanga kwenda kuona ziwa na maporomoko ya Nyahururu, nami nimefurahi, kwa nini nisifurahi? Ujana ni moshi, ukienda haurudi, kwa hivyo tembeeni. Lakini jana jioni uliiacha simu hapo mezani ukaenda kuoga, nayo ikabaki inataja njia peke yake ndani ya nyumba yangu: pita hapa, geuka pale, endelea moja kwa moja. Mimi kukhu wako, nyanya yako, nilishindwa kumeza ugali. Unacheka? Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Siku ninayotaka kukuambia ilikuwa Jumamosi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mpiga taipu kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi, River Road, na nilikuwa najiona, wee! Nilikaa mtaa wa Jamhuri, karibu na Adams Arcade, chumba cha nyuma kando ya ua wa michongoma, pamoja na rafiki yangu Wambui, msichana wa Dagoretti aliyechoka kulala na wadogo zake kitanda kimoja. Wazazi wangu walikuwa watu wa Maragoli, lakini mimi nilizaliwa hapa hapa Nairobi, na mambo ya kwetu niliyasikia kwa sikio moja yakatokea kwa lile jingine. Chumba kile nilitafutiwa na Senge Dina, dada ya baba yangu, aliyekuwa akikaa Kawangware.

Sasa, Senge alikuwa na mwana, Zakayo, muuza vipuri hapo hapo River Road. Alikuwa na Volkswagen aliyoiunga mwenyewe, mlango wa rangi hii, boneti ya rangi ile. Tukaamua twende tukaone ziwa la Ol Bolossat, kisha maporomoko. Shida ilikuwa moja, kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupita Limuru. Zakayo akasema yeye atashika usukani, kuijua njia ni kazi yangu. Nami kitu hakiniingii kichwani mpaka nikiseme kwa sauti, maana ndivyo nilivyofundishwa mistari ya Biblia nikiwa mtoto.

Basi kila jioni tukishakula, nilikuwa nasimama katikati ya chumba na kukariri. "Tunatoka Adams Arcade. Dagoretti Corner. Kikuyu. Limuru. Tunateremka Mai Mahiu. Naivasha. Tunavuka mto Malewa. Gilgil. Ol Kalou. Ziwani. Nyahururu, kwenye maporomoko. Tumefika."

Jioni ya kwanza, niliposema "tumefika", mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, cha mtu mwenye adabu anayengoja mwenzake amalize kusema. Nikadhani ni jirani. Wambui akanitazama, akaniambia polepole kwamba upande ule hatuna jirani, kuna ukuta na michongoma tu. Nikamwambia aache uoga, ni mlinzi anapita nje. Hatukuwa na mlinzi, mwanangu, lakini ulimi wa kijana hauna breki.

Baada ya hapo ikawa viatu. Tulikuwa tunavivua ovyo, kimoja huku kingine chini ya kitanda, na asubuhi tunavikuta vimepangwa mlangoni, ncha zikitazama nje. Wambui alidhani ni mimi. Mimi nilidhani ni yeye, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kunipa mwenzangu msafi. Mpaka asubuhi moja Wambui alipokiinua kiatu chake ambacho kisigino kilikuwa kinacheza wiki nzima, akakuta kimekazwa. Kimepigwa misumari midogo, kwa ufundi, na ngozi imepakwa rangi bado mbichi. Alikiweka chini taratibu, akaenda kazini na kandambili, na mvua ilikuwa inanyesha.

Ungedhani tungeacha hapo, sivyo? Mdharau mwiba mguu huota tende. Jioni ile nilikariri tena, kwa sauti kubwa zaidi, ili kumwonyesha Wambui kwamba siogopi. Niliogopa sana. Nilipofika "tumefika", kikohozi kilikuja kutoka karibu, pale penye kona ya kitanda changu, na safari hii kilikuwa kama cha mtu aliyechoka kungoja.

Jumamosi ndipo Senge alipokuja kututembelea, na Zakayo pamoja naye. Tukaandaa chai, tukakata mkate, mchana kweupe, mlango wazi. Zakayo akataka kujua kama nimeishika njia. Mimi huyo nikasimama nikaanza, Adams, Dagoretti Corner, Kikuyu. Nilipofika Naivasha nilimwona Senge ameshika kikombe karibu na mdomo, hanywi wala hakiweki chini. Nikamaliza. Nyahururu, maporomoko, tumefika.

Mtu akakohoa. Zakayo aligeuka kutazama nyuma yake.

"Tumekusikia, Shivachi," Senge alisema, kwa sauti ya chini, akiitazama ile kona. "Keti. Tumekusikia."

Kisha akanigeukia mimi, na uso wake sijawahi kuusahau. "Wewe msichana, nani amekutuma kusoma njia ndani ya hii nyumba?"

"Tunapanga matembezi tu, Senge."

"Matembezi! Kwetu njia haitajwi hivyo, mji kwa mji, mto kwa mto, ndani ya nyumba aliyofia mtu. Hivyo anatajiwa maiti anayepelekwa nyumbani. Mtu wetu akifa mbali, anayemsindikiza anamwambia, sasa tunaondoka, sasa tunavuka mto fulani, asipotee. Wewe umemwita mtu safarini."

Ndipo akatueleza, na machozi yalikuwa yanamtoka. Kabla yetu chumba kile kilikuwa cha Shivachi, fundi wa viatu aliyekuwa akiketi na sanduku lake pale Adams Arcade. Alitoka kwao ng'ambo ya mto Yala akiwa mvulana, akafuata kazi, na miaka ikapita asirudi hata mara moja. Alipougua, Senge na kina mama wa kanisa walimpikia uji kwa zamu. Na kila siku aliuliza jambo lile lile: mtanipitisha wapi? Njia nimeisahau, nitajieni njia.

"Na mimi nilimwambia nini?" Senge akasema. "Nilimwambia nyamaza, utapona. Sikumtajia. Akafa anauliza. Mvua ilikuwa kubwa, hatukuwa na gari, tukamzika hapa Lang'ata kati ya watu asiowajua. Nikakitafutia chumba mtu wa damu yangu, nikasema angalau hakitakaa na mgeni. Sikukwambia, hilo ni kosa langu. Lakini wewe kila jioni unamfungulia njia halafu unamfikisha kwenye maji, unamwambia amefika. Amefika kwa nani pale?"

Zakayo alikuwa ameshasimama mlangoni. "Aii, Mama! Mimi hii gari yangu nilitengeneza ya kutembea. Mzimu atapanda basi."

"Atapanda ile aliyotajiwa," Senge akamjibu, na Zakayo akaketi.

Wambui ndiye aliyeuliza lililokuwa rohoni mwetu: je, si tuache tu safari, tuhame chumba, yaishe? Senge akatikisa kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu aliyekwisha kufunga viatu, alisema, huwezi kumwambia avue. Asipopelekwa atakaa tayari mlangoni kwetu siku zote, popote tutakapohamia. Mimi kwa upande wangu sikuogopa kikohozi tena, nilianza kuona haya. Nilimfikiria mtu mzima akipanga viatu vyetu kila siku, akikaza visigino ili tusichelewe kuondoka.

Basi tukaenda Lang'ata na Senge, akachota udongo wa lile kaburi, akaufunga kwenye leso. Mara hii ile njia nilipewa yote: kutoka Nyahururu kwenda Nakuru, Kericho, Ahero, Kisumu, Chavakali, kuvuka mto Yala, mpaka kwao karibu na lile jiwe kubwa la Ilesi ambalo watu husema linalia. Nikauliza kama tungeweza kupita moja kwa moja, tuache hayo ya ziwa. Senge akanikatalia. "Umeshamtajia. Njia iliyotajwa hairukwi. Na wewe uliyeitaja ndiye utakayemwambia, si mimi."

Tukaondoka alfajiri. Senge mbele na Zakayo, mimi na Wambui nyuma, na ile leso kwenye kiti katikati yetu. Nilitaja kila mahali. Nilimwambia tunateremka Mai Mahiu, nilimwambia tunavuka Malewa. Mwanzoni nilitaja huku nikiona aibu, lakini kufika Gilgil nilikuwa nazungumza na mtu. Ziwani tuliteremka, nikamwonyesha viboko na ndege. Wambui naye, ambaye kwao hakuna mambo haya, akasema, "Mzee, angalia kule," halafu akajiziba mdomo kwa mkono.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, sikiliza vizuri. Tulipofika Nyahururu nilibeba ile leso mpaka ukingoni, nikasema, "Mzee, haya ndiyo maporomoko." Lo, mwanangu, sikuwa nimewahi kuona maji yakianguka vile! Moshi wa maji unapanda mpaka usoni, miguu inatetemeka kwa ule mngurumo. Tukapiga picha, tukala mayai ya kuchemsha, tukacheka, Zakayo akavaa kofia ya Wambui. Nikasahau kabisa nilichoenda kufanya. Niliiokota ile leso kwenye nyasi kama mtu anayeokota kikapu chake, tukapanda gari, tukaondoka.

Volkswagen ilizima kwenye kilima cha kutokea. Zakayo alisema ni kabureta, na labda ilikuwa kabureta, ila alilisema hilo huku meno yakigongana. Senge hakugeuka. Aliuliza tu, "Umemwambia tunaondoka?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeubeba udongo tu.

Nikarudi kwa miguu, peke yangu, maana hakuna aliyekubali kunisindikiza. Kulikuwa na watalii, kulikuwa na familia zimetandika mikeka, na mimi mpiga taipu wa River Road, na sketi yangu fupi, nikasimama ukingoni nikaita, "Mzee Shivachi! Twende, Mzee! Hapa si kwenu, nisamehe, twende!" Wazungu wakanitazama. Mtoto mmoja wa Kiafrika hakunitazama mimi, alitazama chini kwenye maji, akamvuta mama yake na kuuliza, "Yule babu anapanda vipi hapo?" Sikungoja kusikia jibu la mama yake.

Gari liliwaka mara moja nilipoketi. Tulipokaribia Nakuru, ambako tulilala kwa watu wa kanisa, Wambui alinishika mkono akauweka juu ya kiti, pale katikati yetu, kando ya leso. Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yake yalikuwa baridi.

Kesho yake nilitaja kila kitu, mwanangu, hata madaraja madogo yasiyo na jina. Jioni tukavuka Yala, tukaulizia mpaka tukafika. Nyumba ilikuwa ndogo, na mlangoni alikuwa ameketi bibi kizee asiyeona, mama yake Shivachi. Hakuna mtu aliyekuwa amempelekea habari, wala ya kuugua wala ya kufa. Tulisimama uani, na Zakayo alikuwa amevua kofia.

Yule bibi akatutangulia kusema. "Karibuni. Mmechoka," alisema. Kisha, "Nani alimwacha kwenye maji? Amepita hapa kuingia ndani akiwa amelowa, na baridi hii."

Senge alianza kulia. Mimi nilipiga magoti. "Ni mimi, kukhu."

"Ulirudi kumwita?"

"Nilirudi."

Akanyoosha mkono akanitafuta uso, akaupapasa wote kama mtu anayetaka kunikumbuka baadaye. "Basi," akasema. "Mwanangu amefika." Kesho yake walikata mgomba uwe badala ya mwili wake, wakauzika pamoja na ule udongo, wakalia kilio chake vizuri, na mimi nililia kama niliyefiwa na baba. Tuliporudi Jamhuri tulikuta viatu vyetu vya kazini vimezagaa pale pale tulipovitupa.

Unaona, mwanangu, sikukatazi safari. Nendeni, mkaone maji, mle mayai yenu. Lakini heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Usimfungulie mtu njia kisha ukamwacha katikati kwa sababu wewe umefika unapopapenda. Watu wengi wanakosa hapo, si kwa wafu tu. Mwenye kumwambia msichana tutaoana, mwenye kumwambia mama yake nitarudi Krismasi, huyo ametaja njia, na kuna mtu ameshavaa viatu. Ukiondoka mahali, tazama nyuma, uite kila uliyekuja naye. Na ukigundua umemsahau mtu, rudi, hata kama watu wanakutazama. Kukosea nilikosea, lakini yule bibi aliniuliza swali moja tu, nami nilikuwa na jibu.

Mimi nami siku zangu zimepungua, usinikunjie uso, ni kweli. Siku hiyo sitaki simu inieleze pa kupita. Nataka sauti yako. Utaanzia hapa mlangoni, utanitajia Limuru, utanitajia mto Malewa na mto Nyando, na ukitaka unipitishe Nyahururu nitafurahi kuyaona tena yale maji. Lakini usiniambie tumefika mpaka unione Maragoli, mlangoni kwa mama yangu.

Haya, nenda. Mungu akutangulie kila mto utakaouvuka, akupe wenzako wa kukuita ukisahaulika, na miguu yako iingie nyumbani ikiwa mikavu. Sasa washa simu yako. Lakini uiwashie nje.