Kisogo cha Binti Yangu Gazetini

Mume wangu hupiga picha za gazeti, na mtaani wanamwita Jicho. Jina hilo analipenda kuliko anavyonipenda mimi. Alianza kwenye kistudio cha picha za pasipoti, gazeti likamchukua, na tangu siku hiyo anatembea kifua mbele kama yeye ndiye aliyeliwasha jua.

Nikwambie kazi yenyewe basi. Mhariri akitaka habari ya vijana, iwe wizi, bangi, mimba za shuleni au kufeli mitihani, Jicho haendi kokote. Ana sweta moja jeusi lenye kofia, linakaa kwenye mkoba wa kamera. Humshika kijana yeyote apitaye, humvika, humgeuza uso ukutani nyuma ya ofisi, humpiga picha. Chini yake wanaandika "Vijana walioharibika". Kijana wa gazetini hana uso jamani, ana kisogo tu. Mwizi ni kisogo kile, mlevi ni kisogo kile, na wasomaji wanatikisa vichwa, ati kizazi cha siku hizi kimekwisha. Wajinga ndio waliwao.

Nilipomwambia hiyo ni aibu, alinijibu kwamba mimi ni fundi cherehani, mambo ya habari nimwachie yeye. Haya, nikamwachia.

Juzijuzi mhariri akataka wasichana wanaoiba dawa za usingizi madukani ili walewe. Ilikuwa Jumapili, pale ukutani hapiti hata paka. Jicho akarudi nyumbani kumchukua binti yetu wa kidato cha nne, akamwambia amsaidie baba kazi kidogo, uso hautaonekana. Mtoto ana adabu zake, akaenda. Mimi niliambiwa wanakwenda kununua betri.

Uso haukuonekana, kweli. Lakini binti yetu kazaliwa bega moja liko chini kuliko jingine. Mtaa mzima unalijua bega lile, na kila gauni lake nalikata kwa kulifuata. Baba mtu, anayelipwa kutazama, hakuliona. Sijui hata alikuwa anatazama nini.

Sasa, mwenye duka la dawa pale njia panda alikuwa amekubali kumchukua binti na kumfundisha kazi akimaliza shule. Mtoto alikuwa hali wala halali kwa furaha. Gazeti lilipotoka, yule bwana akatuma salamu kwamba nafasi imejaa. Binti alijifungia chumbani akalia mpaka sauti ikamkauka. Nilimchukia baba yake siku ile, sifichi. Nikamwambia aende akaseme kweli kwa mdomo wake mwenyewe, la sivyo chakula ajipikie.

Akaenda, na mimi nyuma yake, nisije nikaletewa porojo. Akajieleza huku jasho linamtoka: picha ni ya kupanga, yule ni mwanawe, hajaiba hata pipi. Mwenye duka alimsikiliza kwa upole, anapanga chupa zake.

"Mzee, sikulaumu," alisema. "Kila mzazi humtetea mwanawe. Lakini gazeti haliwezi kumweka mtu pale bure tu."

Jicho, kwa akili zake zilezile, akalichomoa lile sweta mkobani liwe ushahidi, akaliweka juu ya kaunta. Mwenye duka akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Kumbe na nguo yenyewe iko kwenu," alisema, akageuka kumhudumia mteja mwingine.

Tukarudi nyumbani. Tulimkuta binti mlangoni, kanawa uso, kavaa sare ya shule iliyopigwa pasi, maana alidhani ataitwa palepale. Akamuuliza baba yake yule bwana kasemaje. Jicho akajibu, anatazama viatu vyake, kwamba ameliamini gazeti.

"Basi kazi yako unaiweza, baba," binti alisema, akaingia ndani kuvua sare.

Mtoto hamjibu baba yake hivyo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Siku hiyo sikumkemea.