Mistari ya Mkasi wa Meno

Baba Ashley hamwamini mtu. Chupa ya pilipili kwenye trela yake alikuwa ameifunga kwa mnyororo wa baiskeli. Mtungi wa gesi huupima kwa mzani wake mwenyewe kabla hajakubali kuupokea, na mteja akimsifia viazi vya leo, yeye humuuliza vya jana vilikuwa na nini. Jina lake ni Joab Odera. Alifanya kazi bandarini miaka ishirini na sita, akastaafu, na badala ya kurudi kwao Siaya akanunua trela ndogo ya buluu, akaanza kukaanga viazi karai hapa Bondeni, hatua chache kutoka kwenye baraza ninaposhonea.

Ufunguo wa trela akiuacha kwangu kila jioni. Katika mji mzima huu, mimi tu. "Bi Lamis," akiniambia, "wewe sina shaka na wewe." Nami nikiutundika kwenye msumari wangu huku nimeona haya, kwa sababu trela ile naijua kuliko anavyoijua yeye.

Aliinunua kwa Maisara, rafiki yangu wa Mji wa Kale. Marehemu mumewe Maisara aliitoa wakfu: ibebe maji ya kunywa kwa majirani wasio na mfereji, bure, kwa ajili ya Mungu, isiuzwe wala isirithiwe. Neno lenyewe aliliandika ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Alipofariki hakuna aliyeendelea kubeba maji. Trela ikaota kutu uani, na Maisara naye macho yakamharibika, akaambiwa lazima apasuliwe. Akaniomba nimsaidie kuliziba lile neno apate kuuza.

Nikamsaidia. Nilinunua stika nyekundu, nikaikata mistari mipana, na kwa kuwa mkasi wangu wa kawaida ulikuwa umekwenda kunolewa, nikatumia ule wa meno tunaokatia kitambaa kisifumuke. Kingo zikatoka meno meno. Baba Ashley alidhani ni urembo. Alisema trela za wengine hazina nakshi kama ile.

Miaka minne ya jua ikatosha. Stika ikapauka, ikachanika, ikaanza kujikunja pembeni. Siku aliponijia na jora la stika mpya ya manjano kwapani, nilijua nimepatikana.

"Mpe fundi, Baba Ashley," nikamwambia. "Yuko mmoja karibu na Biashara Street, mkono wake ni safi."

"Fundi?" Aliniangalia kana kwamba nimemwambia amwalike mwizi chakula cha mchana. "Aje atazame gesi yangu imekaa wapi? Nitabandika mwenyewe."

Akaazima mashine ya kukaushia nywele kwa Ketty wa saluni. Waya wa umeme akaupitisha dirishani kwangu, na mimi ndiye niliyeushika. Alikuwa akiipasha stika moto mpaka ilainike, anaivuta taratibu, kisha anakwangua gundi kwa kadi ya zamani ya benki na kufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kazi safi, siwezi kumsengenya. Mstari wa mbele ulitoka, chini yake buluu tupu. Nikaanza kumwomba Mungu Baba Ashley achoke. Hakuchoka. Wa ubavuni ulipoanza kuvuliwa, ikatokea U, halafu F, halafu K.

"Wakfu," alisoma alipomaliza. Akazima mashine, akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Bi Lamis, hii ni mali ya kanisa."

Kwao anayewekwa wakfu ni mchungaji. Hakulijua neno hilo kwa maana nyingine. Palepale ningemweleza, na badala yake nikasema, "Yawezekana." Najichukia kwa neno hilo hadi leo.

Siku tatu hakukaanga. Alizunguka makanisa ya kisiwa kizima akiwauliza wachungaji kama kuna trela iliyowapotea. Hakuna. Nikampigia simu Maisara, akanijibu kwa mkato: "Nyamaza, shoga. Atachoka mwenyewe." Maisara hamjui Joab Odera.

Siku ya nne alikuja barazani kwangu na pakiti tupu ya maziwa. Ndani yake alikuwa ameweka kipande cha stika nyekundu, kimekunjwa vizuri. Akakinyoosha juu ya meza ya cherehani.

"Aliyeficha hili jina ni fundi wa nguo," alisema. "Tazama haya meno. Nilikuwa nasema ni urembo, mimi mjinga. Nimepita kwa mafundi wote, kutoka hapa mpaka Biashara Street. Nimeomba mikasi yao, nimelinganisha mmoja mmoja. Hakuna unaofanana."

"Wote?"

"Wote. Wako sikuupima. Wako wa nini?"

Mkasi ulikuwa hapo hapo mezani baina yetu, umefunikwa na mkono wa kanzu niliyokuwa nashona. Angekunywa ile chai niliyomtilia, angeondoka. Nilitaka aondoke. Lakini alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, macho ameyafumba kwa uchovu, na mtu asiyefumba macho mbele ya watu ni yeye.

Nikauvuta mkasi. Nikakata ukingo wa kile kipande, kandokando ya ule wa zamani. Alisikia mlio, akafumbua. Meno yalilingana yote.

"Si mali ya kanisa, Baba Ashley," nikasema. "Wakfu kwetu ni kitu alichopewa Mungu. Hakiuzwi. Ilikuwa yabeba maji. Tuliiziba mimi na Maisara, na niliyekata ni mie."

Nilingoja aniulize habari ya trela. Hakuniuliza.

"Na miaka yote hii," alisema, "ufunguo nakuachia wewe."

Akainuka, akautoa msumarini mwenyewe.

Ijumaa niliiona trela msikitini, imejaa madumu ya maji, neno liko wazi na gundi bado imeganda pembezoni mwake. Aliisukuma yeye mwenyewe hadi kule. Na Maisara wameelewana, mimi sikuambiwa vipi. Sasa anakaangia viazi kwenye jiko la chini, chini ya mwavuli, na chupa ya pilipili ameifunga kwenye mguu wa benchi.

Jioni hupita mbele ya baraza yangu na karai lake mkononi. "Habari ya jioni, Bi Lamis," husema, kwa heshima zote, wala hasimami. Jora la stika ya manjano aliloliacha siku ile bado liko kwangu, hajaja kulichukua. Msumari nimeuacha pale pale ukutani.