Maji Niliyoyaosha

Mimi ni mtu wa Mikindani. Kwetu mtungi wa maji husuguliwa kwa mchanga mpaka ndani, kisha hufukizwa ubani kabla mgeni hajapewa kata ya maji, na mwanamke hupimwa kwa maji yake. Sisemi haya kujitetea. Nataka tu ieleweke kiburi changu kilitoka wapi.

Mume wangu, ambaye kwao ni Mahurunga, alileta tangi la kioo nyumbani kwetu Ufukoni. Akatia changarawe, maji na pampu ndogo yenye sponji, lakini samaki hakutia. Kwa wiki tano alidondosha punje za chakula kwenye maji matupu. Nikamcheka, nikamuuliza anamfuga nani.

Akanieleza kwa upole kwamba anafuga bakteria, wadudu wasioonekana, ambao hukaa kwenye sponji na changarawe na kula sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Wakishakuwa wengi ndipo samaki waingie. Na sponji ikichafuka, alisema, haioshwi kwa maji ya bomba, maana dawa iliyomo itawaua. Hukamuliwa tu kwenye ndoo ya maji yaliyotekwa mle mle tangini. Nilimsikia vizuri sana, ndiyo maana leo sina pa kujificha.

Mwishowe samaki wakaja, saba, wekundu wenye mikia mirefu. Wakati huo mama mkwe wangu alikuwa kwetu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, bado limefunikwa, na lile jingine lilikuwa likimwonyesha vivuli tu. Alikaa mbele ya tangi na binti yetu wa miaka sita, akitupia punje, na mara nyingine vipande vya ugali, huku mtoto akimsimulia nani kala na nani kanyang'anywa. Walicheka mpaka mimi nikaona wivu kidogo.

Kisha mama zangu wakubwa wakatuma salamu kwamba Idi watakula kwetu. Nikalitazama tangi: kioo kina utelezi wa kijani, sponji imejaa tope. Nikawaona tayari wakitazamana. Mume alikuwa kazini, mama mkwe uani akichambua kisamvu. Nikawahamishia samaki kwenye beseni, nikasugua kioo, nikaosha changarawe kama mchele, na sponji nikailoweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Nikajaza maji ya bomba. Mume aliporudi nikamwambia nimefuta kioo tu.

Siku ya Idi mama zangu wakubwa waliyasifu maji yale mbele ya watu, nami nikazipokea sifa. Siku ya pili samaki walikuwa wakihema juu ya maji. Ya tatu, wote saba walikuwa wakielea na mtoto analia.

Mume akauliza, wala si kwa ukali, nini kimeingia humo.

"Mama alikuwa anawatupia ugali," nikasema.

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Mama mkwe akageuza uso upande wangu.

"Basi ni mimi, wanangu. Munisamehe."

Kesho yake asubuhi alikuwa akifunga kapu lake, arudi Mahurunga, na kliniki ya jicho ilikuwa imebaki wiki moja. Mume alimsihi, akakataa. Mimi nilimsaidia kufunga kapu. Naandika hili kwa shida: nilimsaidia, nikaikaza kamba vizuri. Binti akakimbilia kumshika mkono, naye akauficha ndani ya kanga.

"Usinishike, mjukuu wangu. Mkono wa bibi mbaya, unaua."

Hapo nikashindwa.

"Mama, ni mimi. Nililiosha tangi kwa dawa. Si ugali wako."

Mume alinitazama, akatoka kwenda kazini bila kuaga, na siku tatu hakunisemesha. Mama mkwe alikaa chini taratibu, akaanza kufungua kapu.

"Harufu ya dawa niliisikia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Kliniki alikwenda, na jicho sasa linaona. Mume alianza upya na maji matupu, wiki kwa wiki, na mara hii sikumcheka. Samaki wapo. Mama mkwe huja, huwatazama kwa jicho lake mwenyewe, na hajawahi kulitaja jambo lile tena. Ila kabla ya kushika chakula chao hunawa mikono mara mbili, kisha humnyooshea mjukuu viganja avikague. Na mtoto, ambaye maneno yangu ya asubuhi ile hayakumwingia, huvigeuza na kuvikagua kweli, kabla ya kumruhusu.