Leo DJ Yuko Wapi?

Tii. Tii. Tii. Mlio wa kisanduku cha sola kilichopigiliwa juu ya mlango wetu kule Zagayu bado ninausikia, hata nikiwa katikati ya kelele za soko la Bariadi. Ulikuwa unatuonya kwamba betri imebakiza pumzi kidogo, na siku zote ulichagua kulia pale steringi, yule shujaa wa muvi, anapomkaribia adui. Mama anasonya. Kaka anaruka kuzima taa ya jikoni, eti aokoe moto wa betri. Haikusaidia hata siku moja. Kioo kinakuwa cheusi, na mwisho wa muvi tunabaki kuutunga wenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu yapokeeni hivyo hivyo. Ni maoni ya mtu ambaye muvi nyingi hakuziona mwisho.

Za Kichina ninazipenda kwa sababu betri ikikata hukosi kitu: mwalimu kauawa, mwanafunzi atafanya mazoezi mlimani, atarudi. Za Kinaijeria nazipenda kwa kelele zake, ila mama mkwe wa kule hapumziki ubaya. Mama yangu alikuwa anasema mwanamke yule angepalilia shamba moja tu la pamba asingebaki na nguvu za kumroga mtu. Za Kikorea zina kosa moja, watu wanalia vizuri mno. Chozi moja linateremka taratibu, pua kavu. Mimi nikilia navimba kama nimeng'atwa na nyuki. Na hizi zetu za Bongo, watu wanashinda kwenye makochi na viatu vyao, hakuna anayekwenda kazini, na kila gari lazima tulitazame likiegeshwa mpaka linazimwa. Naziangalia zote. Shule niliishia kidato cha pili. Bahari, theluji na lifti nilivionea kwenye kioo kile.

Lakini aliyekuwa mwenye muvi hasa pale nyumbani ni mama. Sisi nyumbani tunaongea Kisukuma, na Kiswahili cha mama kilikuwa Kiswahili cha DJ, yule mtu anayeingiza sauti yake juu ya muvi ya kigeni na kuieleza yote, hata unachokiona. "Steringi huyo anaingia dukani, hajui kumbe adui kajibanza nyuma ya mlango!" Mama alimpenda kuliko steringi mwenyewe. Akienda kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti akichelewa, anasema kwa sauti ya DJ kwamba kumbe mwenyekiti kajibanza nyuma ya mlango. Mimi niliota nitakuwa DJ wa kike, nisikike mpaka Mwanza.

Mama alikuwa na kigoda chake. Zamani kilikaa ukutani, karibu na gunia la mpunga. Msimu ukaja, kikasogea mbele. Mwingine tena kikasogea. Kaka akamtania, "Mama, utaingia ndani ya TV." Mama akajibu, "Nikiingia nitampiga yule adui kwanza, ndipo nirudi kupika." Tukacheka sote. Tulidhani ni mapenzi ya muvi.

Shambani nako kaka alikuwa ananung'unika kwamba mama siku hizi anachuma mstari wa katikati tu, pembeni anaacha pamba imefumuka nyeupe kabisa. Mama akasema kiuno kinamuuma kugeukageuka. Tukaamini na hilo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nikachomeka flashi niliyojaziwa mjini. Ilikuwa ya Kihindi, na kijana wa kibanda cha muvi aliniwekea isiyo na DJ. Watu wanaongea Kihindi chao, muziki juu. Ikafika mahali mama yake steringi amekufa. Wamemlaza juu ya kuni, wamemfunika nguo nyeupe na maua, mtoto wake anashika moto huku anatetemeka. Mimi machozi yananitoka. Mama akapiga makofi, akatoa kigelegele kifupi.

"Hatimaye kaolewa," akasema.

Kaka alicheka mpaka akajishika mbavu. Akamwambia huyo hajaolewa, huyo anachomwa. Mama akacheka pia, lakini alichelewa kidogo, kama mtu anayecheka kwa sababu wenzake wanacheka. Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yameganda katikati ya kioo, kwenye maua. Nikamuuliza yule mwenye kilemba chekundu pembeni ni nani. Hakugeuza macho. Aliweka mikono mapajani, akaniuliza polepole kwa Kisukuma:

"Ng'wanone, mwanangu, leo DJ yuko wapi?"

Ndipo nilipoelewa. Kwa muda wote ule alikuwa haangalii muvi. Alikuwa anasikiliza. DJ ndiye aliyemfichia, akatufichia na sisi.

Daktari wa macho pale mjini alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alimpima mama bila haraka, akasema ni presha ya macho. Kwamba mshipa wa nyuma ya jicho umebanwa muda mrefu, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Kwamba atampa matone ya kulinda kilichobaki, ayatumie bila kukosa, ila inawezekana hata kilichobaki kikaondoka. Akaniomba nimwelezee mama kwa Kisukuma. Nikamweleza mama kwamba ni presha ya macho, ipo dawa, itamlinda. Mama akatabasamu akiwa ameelekeza uso ukutani.

"DJ, umeruka kipande."

Nilisahau kwamba Kiswahili alikuwa nacho. Nikamshika mkono, nikakirudia kipande kile kwa Kisukuma chote, na daktari akatusubiri.

Kuanzia hapo nilihangaika kama kuku aliyepotelewa na kifaranga. Asubuhi na jioni namtilia matone, naye anakunja uso. Dawa ilipokosekana kwenye maduka ya Bariadi, kaka alipanda gari mpaka Maswa, akarudi nayo kwenye mfuko wa shati ameishikilia kama yai. Shangazi akaleta majani ya kunawia kutoka Lalago. Mama akamshukuru sana, akaoshea miguu. Mimi nilisali, nilifunga kula, niliahidi Mungu mambo ambayo sina. Na ndipo nilipoanza kuzichukia muvi za bandeji. Unazijua. Kipofu amelazwa kitandani, daktari anafungua bandeji mzunguko kwa mzunguko, na wa kwanza kuonekana ni mchumba. Mama alizipenda, mimi nilikuwa natoka nje kwenda kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa.

Maana nuru ya macho ya mama haikuwa inaganda. Ilikuwa inaenda. Mwanzoni mama alisema anaona kama anachungulia kwenye bomba. Kwenye kioo alimwona steringi usoni, adui hakumwona kabisa. "Adui wote wanatokea pembeni," aliniambia, "na kwangu pembeni kumezimwa." Baadaye uso nao ukawa haumtoshi. Akawa anaona pua, au jicho moja.

Siku moja akasema hataki kitu kingine, anataka kuona mwisho wa muvi hata moja. Tukajua anaitaka ipi. Ni ile ya mwanamke anayemtafuta mwanawe aliyechukuliwa na mafuriko. Tuliianza mara nyingi, na kila mara kisanduku kililia kabla hajampata. Kaka akaazima betri ya yule jirani anayenyoa watu, akaiunganisha na yetu. Tukafunga madirisha mchana ule, giza likawa kama la sinema ya mjini. Kigoda cha mama kilikuwa karibu na kioo kiasi kwamba magoti yake yanagusa meza.

Nikakaa pembeni yake, nikawa nampa yale ya pembeni. Kushoto kuna mto. Kulia kuna mzee na punda. Katikati nilimwachia mwenyewe. Betri ikashikilia. Mwanamke akavuka daraja, akafika kwenye kijiji, mtu akamwonyesha nyumba. Mtoto akatoka mlangoni, kijana mkubwa sasa, akaanza kuja huku tuliko, uso ukikua, ukikua, mpaka ukajaa kioo kizima. Nilinyamaza. Ule ulikuwa wa mama, ulikuwa katikati kabisa.

"Betri imekata," mama akasema.

Mwanga wa kioo ulikuwa umemwagika kwenye mashavu yake yote mawili. Kaka akageuza uso. Mama akatega sikio kuelekea juu ya mlango, akangoja.

"Mbona haijalia?" akasema. Akapapasa, akalipata goti langu, akakiacha kiganja chake juu yake. "Basi endelea, DJ wangu."

Nikaendelea. Nilimwambia kijana amevaa shati la buluu, ana kovu lile lile kidevuni, anacheka na kulia, na pua inatoka makamasi kama watu wa kweli. Nikamsomea mpaka yale majina madogo yanayopanda mwishoni, nisiyojua hata kuyatamka.

Kaka akamwongoza nje akaote jua. Nilipobaki peke yangu nilifungua madirisha, nikakiinua kigoda chake pale mbele ya kioo, nikakirudisha ukutani, karibu na gunia la mpunga.