Bi Msusi Agoma Kugawana Jina

Bi Msusi, kama mtaa mzima ulivyomwita, alishinda na vichwa vya watu saluni, lakini alfajiri, kabla ya kufungua mlango, aliandika tamthilia. Zilipoigizwa, ukumbi wa mji ulifurika watu wakakaa hadi kwenye ngazi. Mumewe, Mwalimu, ndiye aliyekuwa msomaji wake wa kwanza.

Mwalimu alipofariki, majonzi yalimkaushia mjane kalamu. Mwaka ukapita bila tamthilia mpya, maneno yakaanza: ahaa, kumbe marehemu ndiye aliyekuwa akiandika! Profesa mmoja akaandaa mdahalo palepale ukumbini. Bi Msusi hakualikwa. Alikwenda, akakaa mstari wa mbele.

"Lugha nzito namna hii," profesa akasema, "haitoki saluni."

Shemeji yake Bi Msusi, mdogo wa marehemu, akasimama kumuunga mkono profesa. "Aliyesoma ni kaka. Shemeji ni msusi hodari, sikatai, ila kila mtu na fani yake."

Hilo lilimchoma Bi Msusi, maana shemeji huyo alilelewa nyumbani kwake. Akainuka.

"Shemeji, kaka yako nilimpenda na bado nampenda. Lakini usimvishe marehemu koti nililoshona mimi. Angekuwepo, angekuwa wa kwanza kukucheka."

Ukumbi ukavuma. Meneja wa ukumbi akadakia, "Basi, mama, yaishe. Karatasi hii hapa. Andika ukurasa mmoja tuone."

"Sikuja kufanya mtihani. Aliyekwisha kuzaa hadaiwi mimba nyingine ndipo aitwe mama."

Meneja akatangaza kwamba tamthilia itakayofuata itabeba majina mawili, lake na la marehemu.

"Basi haichezwi hapa," Bi Msusi akajibu, akatoka.

Mwigizaji mkuu wa tamthilia zake, mwanamke aliyekuwa kajikunyata nyuma, akamfuata. Wenzake nao wakanyanyuka mmoja mmoja, meneja akabaki anavitazama viti vyake.

Waliigiza moja ya tamthilia zake za zamani kwenye ua wa saluni, watazamaji wakikalia ndoo zilizopinduliwa. Tangazo liliandikwa ukutani kwa chaki, jina moja tu. Shemeji alipita, akalisoma, akaguna, akaenda zake.

Mpaka leo anashikilia lake. Profesa naye kachapisha kitabu kizima cha kudai marehemu ndiye mwandishi. Wateja wakimuuliza Bi Msusi kama hayo hayamuumi, huwaambia yanamuuma sana, tena kila siku, kisha huwainamisha kichwa aendelee kusuka. Tamthilia mpya imefika katikati, na mwigizaji ameshaambiwa ajiandae kugombana na shemeji jukwaani.